Arosto Inapofanana na Malaria

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kijana aliyelemewa na unga, yaani heroini, mjini anaweza kushushwa Ngerengere kabla kete yake ya mwisho haijaisha mwilini. Ndugu humrudisha kwa nia njema: akae mbali na vijiwe, ale vizuri, mjomba amsimamie, na kwa Waluguru neno la mjomba ni zito. Kesho yake anaamka anatetemeka, viungo vinamuuma, anatapika na kuharisha. Katika bonde la Mto Ngerengere, nani hatafikiria malaria?

Mara nyingi hiyo ni arosto, yaani hali ya mwili kukosa unga uliouzoea. Heroini hutuliza maumivu, hupunguza kasi ya pumzi na kulegeza utumbo hadi choo kinakuwa kigumu. Ili mwili uendelee kufanya kazi, ubongo hujibu kwa kuongeza msukumo wa upande wa pili. Unga ukikatika, msukumo huo unabaki bila cha kuuzuia, na kila kilichokuwa kimelala kinaamka kwa pamoja. Dalili huanza kati ya saa 8 na 12 tangu kete ya mwisho, huwa kali siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja. Tazama miayo isiyokoma, machozi na makamasi, vinyweleo vilivyosimama, mboni za macho zilizopanuka. Malaria haiji hivyo.

Apimwe malaria hata hivyo, kwa kuwa anaweza kuwa na vyote viwili. Na akiwa na joto kali linaloendelea, na alikuwa akijidunga, msimwache nyumbani. Bakteria wa kwenye ngozi huingia na sindano, husafiri na damu hadi upande wa kulia wa moyo na kujijenga kwenye vali. Vipande vya mkusanyiko wao hukatika na kwenda kwenye mapafu: kikohozi, kifua kuuma, pumzi kubana. Hapo anahitaji kulazwa na kupewa antibiotiki za mshipa kwa wiki kadhaa. Apimwe pia VVU, kifua kikuu, na homa ya ini B na C.



Wiki ya arosto ikipita, nyumbani wanashangilia. Mimi hapo ndipo ninapoogopa zaidi, na inaniuma kwamba ndugu wengi hawajaambiwa. Mwili umeshapoteza uzoefu wa unga. Akirudi mjini na kutumia kipimo kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Ukimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imekuwa ya bluu na mboni zimesinyaa, mlaze kwa ubavu na umwahishe hospitali; ipo dawa ya naloksoni inayoweza kurudisha pumzi. Usimnyweshe maziwa, yataingia kwenye mapafu.

Kinachomlinda kwa muda mrefu ni methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto bila kumlewesha kama unga. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na sasa inapatikana bila malipo katika mikoa mingine pia, ikiwemo Dodoma, Mbeya, Tanga na Mwanza.

Na kama alikuwa anakunywa pia gongo kila siku, au vidonge vya diazepamu, msimfungie ndani ili aache ghafla. Degedege la kuacha pombe au vidonge hivyo huua. Mpelekeni kituo cha afya, muombe kuzungumza na mganga faragha, na mumweleze mambo matatu: ametumia nini, kwa njia gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.