Jina la Kukodi, Floti au Meza ya Mihogo: Hesabu za Mama Ngina

Mwenye akiba anayetaka kuanza biashara kwenye bustani ya Mama Ngina, Mombasa, ana njia tatu: akodi jina la kampuni kubwa, awe wakala wa M-Pesa, au asimamishe meza yake ya mihogo na madafu. Wengi huota ile ya kwanza. Tuanze nayo, maana ndiyo ghali.

Majina makubwa hayauzwi rejareja. KFC iliingia Kenya mwaka 2011, na matawi yake nchini yako mikononi mwa Kuku Foods. Chicken Inn na Pizza Inn ni za Simbisa Brands ya Zimbabwe. Na hata ungepata wa kukukodisha, piga hesabu kwanza. Subway kwa miaka mingi imewatoza wenye maduka kule Marekani asilimia 8 ya mauzo kama mrabaha, na asilimia 4.5 ya matangazo. Ukiuza milioni moja, 125,000 zimeondoka kabla hujalipa pango, stima wala kijana wa jikoni. Hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mwezi wa hasara nao unaulipia.

Tena kiazi huchagui wewe. Januari 2022 KFC Kenya iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake vilitoka Misri na shehena ikachelewa, ilhali Nyandarua inalima viazi kila mwaka. Muuza viazi karai angemtuma mtu sokoni Kongowea asubuhi, jioni karai iko motoni.

Jambo jingine: Kenya haina sheria mahususi ya biashara hii ya kukodi majina. Kinga yako ni mkataba tu, kwa hiyo mlipe wakili ausome. Aangalie hasa nini kitatokea muda ukiisha, na kama utakatazwa kuuza chakula cha aina ile ile baadaye.

Uwakala wa M-Pesa, ulioanza 2007, ni mwepesi zaidi: jina la Safaricom unalitumia bila kulilipia mrabaha, na wewe ndiwe unayelipwa kamisheni. Lakini mtaji wako hulala kwenye floti, yaani pesa za kuhudumia wateja, na ukiwa chini ya wakala mkuu, naye anakata fungu lake. Uulize ni kiasi gani kabla ya kutia saini. Tangu 2014, Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia kati, wakala ana ruhusa ya kuhudumia na mitandao mingine. Kwa Mama Ngina nina shaka moja: anayelipia dafu kwa simu hana haja ya kutoa pesa. Kibanda hicho kingefaa zaidi karibu na feri ya Likoni, penye wapita njia toka alfajiri.

Imebaki meza. Bustani ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya Oktoba 2019, kwa hiyo usifike na jiko na kujipangia. Ulizia nafasi kwa wahusika, lipa, dai risiti. Utahitaji leseni ya kaunti na cheti cha afya, kinachohuishwa kwa kupimwa upya kila miezi sita. Mauzo yakizidi milioni moja kwa mwaka, kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, iliyopanda kutoka 1 mwezi Julai 2023. Ukiuza 90,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni 1,080,000, na kodi yake 32,400. Hiyo nayo haiulizi faida. Tenga pia akiba ya masika, mvua inapowafungia watu majumbani, na ya Ramadhani, ambapo mchana wengi hawali hadharani na wateja huja baada ya futari.

Kwa mwenye mtaji mdogo, mimi nachagua meza. Pilipili na ndimu zako zikishajulikana, lisajili jina la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu chapa yenyewe KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, ambako ulinzi wake ni wa miaka 10 na unahuishwa. Usajili wa kwanza pekee haumzuii jirani kuiga nembo yako.