Swali la Fasihi: Namna ya Kuandika Insha Inayolinganisha Riwaya Mbili

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne anaweza kuwa amezisoma riwaya zake na kuzikumbuka barabara, lakini bado akapoteza alama katika swali la fasihi la mtihani wa Kiswahili. Mara nyingi sababu huwa moja: swali limemtaka alinganishe, naye amesimulia.

Hatua ya kwanza ni kubaini linachodai swali. Likitaja hoja tatu kutoka katika kila riwaya, idadi hiyo izingatiwe. Likitaka kauli ijadiliwe, msimamo wa mtahiniwa ujitokeze tangu utangulizi.

Hatua ya pili ni kupanga hoja kabla ya kuandika. Hoja hutangulia, matukio ya riwaya hufuata kama ushahidi. Mathalani, swali linaweza kuhusu nafasi ya mama katika *Takadini* ya Ben Hanson na *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo. Kusema kwamba mama wote wawili wanawapenda watoto wao ni kweli, lakini hakutoshi. Sekai anamtorosha mwanawe aliyezaliwa na ualbino kwa kuwa mila zinaamuru auawe. Mama N'tilie hana pa kukimbilia: anapambana na umaskini wa mjini kwa kuuza chakula, ilhali Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Kutokana na tofauti hiyo, mtahiniwa anaweza kujenga hoja kwamba ujasiri wa mama unahitaji jamii ya kuupokea; Sekai alipata kijiji kilichompa hifadhi, Mama N'tilie hakupata.

Hatua ya tatu ni mpangilio. Kila aya ibebe hoja moja, ikiunganishwa kwa maneno kama "vilevile", "ilhali" na "kinyume chake". Anayeamua kueleza riwaya moja baada ya nyingine afuate mpangilio uleule wa hoja katika zote mbili, ili ulinganisho uonekane.

Hitimisho lijibu swali, lisirudie utangulizi.

Wazazi na walezi nao wana nafasi katika maandalizi haya. Badala ya kumuuliza mwanafunzi kitabu kinasimulia nini, wamuulize vitabu viwili alivyosoma vinatofautiana wapi, na kwa nini. Akizoea kulijibu swali hilo kwa mdomo, halitakuwa geni kwake katika chumba cha mtihani.