Majina ya Maradhi na Uchunguzi wa Matabibu katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Maksudi ya makala haya ni kueleza jambo moja limhusulo tabibu na mtaalamu wa lugha kwa pamoja. Majina ya Kiswahili ya maradhi mengi hutaja kile kionekanacho kwa macho, hali uchunguzi wa leo hupima kile kilichofichika katika damu. Tofauti hiyo isipoelezwa vema, mtu hukataa dawa imfaayo, au husingiziwa asilolitenda.

Nchi tuichukuayo kwa mfano ni Mbinga, pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa ulio katika Mkoa wa Ruvuma, toka Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay. Mwambao huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga mpaka mwaka 2012, ulipofanywa Wilaya ya Nyasa. Wamatengo wa milimani, na Wanyasa, Wampoto na Wamanda wa ziwani, kila watu wana lugha yao. Kiswahili ndicho kiwakutanishacho shuleni, sokoni na hospitalini. Kwa hiyo wengi husikia habari za miili yao katika lugha ya pili, naye tabibu mara nyingi amezisoma habari hizo katika lugha nyingine tena, yaani Kiingereza.

Tuyatazame majina yenyewe. "Matende" ni uvimbe wa miguu, na "busha" ni uvimbe wa korodani. Kwa macho haya ni maradhi mawili. Lakini katika nchi zenye ugonjwa huu, mara nyingi chanzo chake ni kimoja, nacho ni minyoo myembamba ienezwayo na mbu. "Kichocho" hujulikana kwa damu katika mkojo, na minyoo yake humwingia mtu majini, ikitoka katika konokono. "Usubi" ni jina la mdudu aumaye karibu na mito iendayo kasi, na jina hilo hilo limekuwa la ugonjwa wa ngozi na macho auenezao. Basi hapa pana njia tatu za kutaja ugonjwa: kwa uvimbe, kwa dalili, na kwa mdudu. Hapana hata moja imtajayo mnyoo akaaye mwilini. Serikali imeyakusanya maradhi haya na mengineyo chini ya jina "Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele", jina refu, ambalo wakati wa kitenzi chake una ahadi ndani yake.

Sasa na tuone uchunguzi ulivyolipita jicho. Katika wilaya ya Kyela, iliyo pembe ya kaskazini ya ziwa hilo hilo, kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, waliwapima watu mwaka hata mwaka, kuanzia 2006 hata 2011. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet. Watu 1,055 wasiokuwa na VVU mwanzoni waliangaliwa kwa jumla ya miaka-watu 2,626. Maana mtu mmoja akiangaliwa miaka miwili, huhesabiwa sawa na watu wawili walioangaliwa mwaka mmoja. Katika muda huo watu 32 walipata VVU. Miongoni mwa wale wenye minyoo ya matende walikuwa 1.91 kwa kila miaka-watu 100; miongoni mwa wasio nayo, 0.80. Kwa vijana wa miaka 14 hata 25, tofauti ilizidi.

Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba mafungu hayo mawili hayakutengwa kwa kutazama miguu, bali kwa kupima damu. Watu wengi wenye minyoo hiyo hawana uvimbe wo wote. Tena hesabu za Kyela ni za Kyela, wala haifai kuzihamishia Liuli kama zilivyo. Na uchunguzi wa namna hii huonyesha mambo mawili yaendayo pamoja. Peke yake haukati shauri kwamba moja ni chanzo cha jingine. Maelezo yatolewayo na wataalamu ni kwamba minyoo huziamsha chembe za kinga ya mwili, na chembe zilizoamshwa ndizo virusi hivyo viziingiazo kwa urahisi zaidi.

Kichocho nacho kina mfano wake. Kwa kuwa jina hilo limefungamana na mkojo, na hasa mkojo wa wavulana, ni vigumu mtu kufikiri kwamba mayai ya minyoo hiyo hukwama pia katika via vya uzazi vya mwanamke na kuleta vidonda. Uchunguzi uliofanywa Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2006 uliona kwamba wanawake wenye vidonda hivyo walionekana na VVU kwa kadiri ipatayo mara tatu kuliko wenzao. Mwanamke huyo aweza kudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akaaibishwa nyumbani, hali ugonjwa wake aliupata alipokuwa akiteka maji au kufua nguo.

Je, Kiswahili kina upungufu? La. Lugha hii imekwisha kufanya kazi kama hiyo. Twasema "VVU" kwa virusi vyenyewe, na "UKIMWI" kwa hali ya mwili uliopungukiwa na kinga. Na watu wengi wamejifunza kwamba mtu aweza kuwa na hicho bila kuwa na hiki. Kwa kanuni hiyo hiyo yafaa tutenge "mwenye minyoo ya matende" na "mwenye matende", na tuseme "kichocho cha via vya uzazi" kando ya "kichocho cha mkojo".

Faida yake si ya kamusi tu. Tangu mwaka 2000, kazi ilipoanzia kisiwani Mafia, dawa za ivermektini na albendazoli zimekuwa zikigawiwa vijiji vizima, wazima na wagonjwa. Mtu akiambiwa ni dawa ya matende, naye miguu yake haina kasoro, ana haki ya kuuliza, "Yanihusu nini?" Akiambiwa ni dawa ya minyoo ambayo huenda anayo bila kujua, jibu limo katika jina.

Vitenzi navyo viangaliwe. Kusema minyoo "huleta" UKIMWI ni uwongo, na ni kumtia aibu kila mwenye mguu uliovimba. Minyoo "huweza kuzidisha hatari". Aombwaye ridhaa ya kutolewa damu hana budi kuisikia tofauti hiyo kabla ya kutia sahihi.

Imebaki kazi ya wanafunzi wetu: kukusanya majina ya maradhi haya katika Kimatengo, Kinyasa, Kimpoto na Kimanda, na kuuliza kila jina lataja nini, uvimbe, dalili, mdudu, au jambo jingine ambalo Kiswahili hakijalitaja. Orodha ya namna hiyo itamfaa tabibu kabla hajaandika karatasi yake ya kwanza ya ridhaa.