Lami, Changarawe na Udongo Mweusi: Matengenezo Yanayozifaa Barabara za Ndhiwa

Ndhiwa, eneo la kusini mwa Kaunti ya Homa Bay linalopakana na Kaunti ya Migori, ni nchi ya miwa, na miwa ni zao lisilosubiri, kwa kuwa sukari iliyomo hupungua kila siku baada ya kukatwa. Kwa sababu hiyo matrekta na malori yanayopeleka miwa katika kiwanda cha Sukari Industries kilichoko Ndhiwa, au kile cha SONY huko Awendo, hupita hata wakati ambapo mvua imeilegeza ardhi. Aidha, katika tambarare nyingi, hasa upande wa Bonde la Lambwe, ardhi yenyewe ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mzigo mzito, mvua na udongo usiotulia ndivyo vinavyoamua umri wa barabara za huko, na matengenezo yasiyovizingatia huharibika mapema hata yakigharimu fedha nyingi.

Barabara ya lami, kama ile inayotoka Rodi Kopany kupitia Ndhiwa hadi Karungu kando ya Ziwa Victoria, imejengwa kwa matabaka yaliyopangwa juu ya ardhi ya asili. Tabaka la msingi, yaani kokoto au changarawe iliyoshindiliwa, ndilo linalobeba uzito na kuutawanya ili ufike kwenye udongo ukiwa umepungua makali, ilhali kazi kubwa ya lami nyembamba ya juu ni kuzuia maji yasipenye. Maji yakipenya, msingi hulainika, uso hubonyea chini ya magurudumu na nyufa huongezeka, hata siku moja kipande cha lami king'oke na kuacha shimo. Kwa hiyo shimo ni hatua ya mwisho ya uharibifu ulioanza zamani, na mhandisi anayetazama mashimo peke yake amechelewa kuitazama barabara.

Alama za awali ndizo zinazoonyesha tiba. Uso uliopauka na kuanza kuachia kokoto umechoshwa na jua, kwani lami hukauka na kupoteza unato wake miaka inavyopita. Ikiwa matabaka ya chini yangali imara, inatosha kunyunyizia lami mpya, kuitandazia kokoto safi na kuishindilia, kazi ambayo gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kujenga upya. Ufa mmoja mmoja huzibwa kwa lami kabla ya mvua. Lakini nyufa zinapoungana na kufanya vipande vidogo vidogo mithili ya ngozi ya mamba, hasa pale magurudumu yanapopita, hiyo ni dalili kwamba msingi umechoka, na kuutandazia uso mpya ni kuficha tatizo kwa msimu mmoja au miwili tu. Hapo hapana budi sehemu hiyo ichimbwe, nyenzo mbovu ziondolewe, msingi mpya ushindiliwe, ndipo lami irudishwe. Juu ya udongo mweusi huonekana pia nyufa ndefu zinazofuata kingo za barabara, kwa sababu udongo wa pembeni hukauka na kulowa upesi kuliko ule uliofunikwa katikati. Nyufa za namna hii hupungua iwapo mabega ya barabara yatafunikwa kwa lami, mitaro itasogezwa mbali na kingo, na miti mikubwa inayonyonya unyevu haitapandwa karibu. Wakati wa kujenga upya, udongo huo huondolewa na kujazwa mwingine, au huchanganywa na chokaa ili upunguze kuvimba.

Macho peke yake hayatoshi kuthibitisha hali ya chini. Kipo kifaa cha bei nafuu chenye fimbo ya chuma iliyochongoka kama koni, ambayo hupigwa na nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka kimo cha milimita 575; kadiri fimbo inavyozama kwa kila pigo, ndivyo udhaifu wa tabaka unavyojulikana. Pamoja na kipimo hicho, magari huhesabiwa na uzito wa ekseli zake kupimwa. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake, kiasi kwamba ekseli iliyozidishiwa nusu ya mzigo huleta madhara ya takriban mara tano. Trela la miwa lililojazwa kupita kiasi, basi, hula umri wa barabara kuliko mamia ya magari madogo, na hakuna lami iwezayo kufidia mizani isiyofanya kazi.

Hata kuziba shimo kuna utaratibu wake, ingawa mara nyingi hupuuzwa. Kingo za shimo hukatwa wima hadi kufikia sehemu ngumu, maji na tope huondolewa, lami nyepesi hupakwa chini na pembeni, kisha mchanganyiko wa kokoto na lami hujazwa kwa matabaka na kushindiliwa moja baada ya jingine. Kujaza udongo mtupu hakufai, kwa kuwa mvua inayofuata huugeuza kuwa tope na kulipanua shimo.

Barabara nyingi za Ndhiwa, hata hivyo, ni za changarawe au udongo, na hizo zina kanuni zake. Utafiti uliofanywa nchini Kenya kati ya 1971 na 1974 na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambao matokeo yake yaliingia katika hesabu za kupanga barabara duniani kote, ulichunguza jinsi magari, mvua na miinuko vinavyoimaliza changarawe. Greda ikipita na kuurudisha mgongo wa barabara, yaani mwinuko wa katikati unaomwaga maji pembeni, kazi hiyo huwa na faida tu ikiwa changarawe ya kutosha ingalipo. Ikiisha, greda hukwangua udongo mtupu, na hapo hulazimu kumwaga changarawe mpya, kwa kawaida ya unene wa sentimita 15 hivi. Vipande vifupi vilivyo vibaya zaidi, kama vile miteremko mikali na mabonde ya udongo mweusi, vyaweza kuwekewa lami nyembamba peke yake, na njia hii inastahili kutumiwa zaidi kuliko inavyotumiwa sasa.

Fedha za kazi hizi hutoka kwa sehemu kubwa katika tozo ya mafuta iliyoanzishwa kwa sheria ya 1993, ambayo Julai 2024 ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na ambayo husimamiwa na Bodi ya Barabara ya Kenya. Kila mwenye bodaboda wa Mirogi anayenunua petroli huichangia, hivyo ana haki ya kuuliza kwa nini tiba fulani ilichaguliwa. Wakala wa barabara kuu wa Afrika Kusini ulikadiria kwamba matengenezo yakiahirishwa miaka mitatu gharama hufika mara sita, na yakiahirishwa mitano hufika mara 18. Kwa hesabu hiyo, shilingi ya kwanza katika mwaka wa Ndhiwa inastahili kwenda kwenye mitaro na kalvati, zisafishwe Januari na Februari kabla mvua za Machi hazijaanza. Ya pili izibe nyufa za lami ambayo bado ni nzima. Na barabara iliyokwisha kufa, ijapokuwa ndiyo inayolalamikiwa zaidi, ifanyiwe kwanza yale tu yatakayoifanya ipitike hadi fedha za kuijenga upya kuanzia msingi zipatikane.