MBOGA ZA BONDE LA MSIMBAZI: MAJI, VUMBI NA MATOPE YA MAFURIKO



Mchicha ni mali ya mkulima mdogo. Mbegu zake ni za bei ndogo, tuta lake halitaki eneo kubwa, na baada ya wiki tatu au nne huwa tayari kung'olewa na kufungwa mafungu. Katika Bonde la Msimbazi faida yake huzidi, maana Kariakoo iko karibu: mtu aweza kuuza asubuhi na kurudi kumwagilia jioni. Ndiyo sababu wakulima hawaliachi bonde hili, ingawa maji huwafukuza mara kwa mara.

Lakini mboga ya bondeni ina taabu yake, na taabu hiyo haionekani kwa macho. Mchicha waweza kuwa wa kijani kibichi, wenye majani mapana, na bado usiwe salama. Kurasa hizi zaeleza sababu, na kazi unayoweza kuifanya wewe mwenyewe kwa jembe lako na ndoo yako.

1. Mto huchukua nini

Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Huenda mwendo wa kilometa 35 hivi, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Kabla ya kufika huko hupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na njiani hupokea maji ya viwanda, ya gereji, ya vyoo na ya majalala. Maji unayoyachota shambani yamekwisha pita mikononi mwa watu wengi.

Madhara ya maji hayo ni ya namna mbili. Usiyachanganye, kwa kuwa dawa yake si moja.

Namna ya kwanza ni vijidudu vya kuhara, pamoja na vya kipindupindu, na mayai ya minyoo. Hivi vyatoka katika kinyesi. Jua kali huvipunguza, kuosha kwa maji safi huvipunguza zaidi, na moto wa jikoni huviua. Hatari yake ni kubwa kwa mboga zinazoliwa mbichi, kama saladi, na kwa mkulima mwenyewe asimamaye majini bila viatu.

Namna ya pili ni madini mazito, hasa risasi na kadimi. Haya hayafi wala hayaozi, na kuyachemsha hakuyaondoi. Mwaka 1999 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walitangaza matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima risasi, kadimi, shaba na zinki, nayo madini hayo yalikutwa ndani ya mboga. Basi jambo hili si uvumi wa sokoni.

Kipimo kilichokubaliwa na mataifa ni kwamba kilo moja ya mboga za majani isiwe na risasi zaidi ya miligramu 0.3, wala kadimi zaidi ya miligramu 0.2. Miligramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara elfu. Huioni wala huionji. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Risasi huharibu ubongo wa mtoto angali akikua. Tena kumbuka: mtoto wa kwanza kula mchicha wa tuta lako ni wako, kabla ya mtoto wa mnunuzi.

2. Vumbi litokalo hewani

Si madhara yote yanayopanda kwa mizizi. Sehemu kubwa ya risasi huanguka na vumbi juu ya majani. Zamani petroli ilitiwa risasi, nayo magari yaliitoa kwa moshi. Petroli hiyo iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini risasi iliyokwisha anguka haikuondoka. Imo udongoni, na kila upepo unapovuma huinuka tena na vumbi la barabara. Kadhalika moshi wa takataka zinazochomwa, hasa plastiki, mipira na betri, huacha masizi mabaya juu ya mboga na ndani ya mapafu ya mwenye shamba.

Hapa kuna habari njema kidogo. Lililo juu ya jani laweza kuoshwa. Lililo ndani ya jani haliwezi.

3. Matope ya mafuriko

Nilipokuwa kijana katika kazi hii, niliwaambia wakulima kwamba matope yaliyoletwa na mafuriko ni mbolea ya bure. Niliwashauri wayachimbie ndani ya matuta, na mimea ilistawi vizuri sana. Leo nasema wazi kwamba ushauri ule haukufaa kwa mto upitao katikati ya mji. Risasi hushikamana na chembe laini za udongo, nazo ndizo mafuriko huzichukua mbali na kuzilaza juu ya shamba. Mmea ulistawi kwa sababu ya samadi iliyokuwamo. Madini yalikuwamo pia.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko Dar es Salaam, na watu zaidi ya thelathini walikufa. Mafuriko yalirudi mwaka 2014 na mwaka 2018. Wataalamu wa hali ya hewa waeleza kwamba kila joto la hewa linapozidi kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Dunia inazidi kupata joto, basi mvua ikinyesha huweza kumwagika kwa nguvu zaidi. Na huko mdomoni mwa mto, bahari inazidi kupanda. Mikoko iliyobaki hapo hupunguza nguvu ya mawimbi na kuzuia matope. Mwenye kuikata kwa kuni ajifungulia mlango wa maji yeye mwenyewe.

4. Mambo yafaayo kufanywa

Kwanza, pima udongo. Chukua udongo mahali kumi katika shamba, kina cha sentimeta 15 hadi 20, uchanganye vizuri katika ndoo safi, kisha utoe nusu kilo. Wakulima jirani wakichanga fedha, gharama hupungua. Mwombe Bwana Shamba akusaidie kuupeleka maabara, na mwambie wazi kwamba mnataka risasi na kadimi vipimwe, si rutuba tu.

Pili, chagua mazao. Majani na mizizi hukusanya madini kuliko matunda na punje. Mahali pabaya, yaani kandokando ya mto na ya barabara kuu, acha mchicha, matembele, figili na saladi. Panda bamia, bilinganya, mahindi au migomba. Mboga za majani zipeleke sehemu ya juu ya shamba, mbali na vumbi.

Tatu, punguza uchachu wa udongo. Udongo mchachu, yaani wenye asidi, huachilia madini yaingie mizizini. Samadi iliyooza vizuri na chokaa ya shambani huyashika madini yasiende upesi. Kipimo cha udongo kitakuonyesha kiasi cha chokaa. Jivu la kuni safi lafaa pia kwa kiasi kidogo. Lakini jivu la jalala, la mbao za rangi au la plastiki usilitie shambani kamwe.

Nne, tuliza maji. Ukiwa huna maji ila ya mto, yachote jioni uyaache katika pipa mpaka asubuhi. Mayai ya minyoo na matope huzama chini. Tumia maji ya juu bila kuyakoroga, na umwage shinani, si juu ya majani. Siku za mwisho kabla ya kuvuna, mwagilia kwa maji ya bomba au ya kisima kilichopimwa.

Tano, osha kwa maji safi. Desturi ya kuosha mafungu mtaroni ili yang'ae kabla ya kwenda sokoni ni mbaya kupita zote, maana huirudishia mboga uchafu wakati wa kuuzwa. Mchicha wenye udongo kidogo kwenye mizizi una heri kuliko ung'aao kwa maji ya mtaro. Nyumbani uoshwe mara mbili au tatu kwa maji safi.

Sita, baada ya mafuriko usiyachimbie matope. Yakiwa membamba, yakwangue ukiwa umevaa viatu, uyaweke kando mahali ambapo mvua haitayarudisha shambani. Mboga za majani zilizofunikwa na maji ya mafuriko usiziuze.

5. Je, tuliache bonde?

Wengi wataniuliza hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na shughuli za kudumu, au ziwezazo kudhuru hifadhi ya ukingo, zimekatazwa ndani yake. Basi usijenge wala usikate ukingo. Ukingo wenye majani na miti hushika udongo. Ukingo uliolimwa mpaka majini huanguka na kwenda na tuta lako.

Lakini kwa mashamba yaliyo nje ya hapo, sikuambii uache kazi kesho bila kujua utawalisha nini wanao. Nakuambia upime, kisha uamue. Udongo ukionekana mzuri, linda maji yako uendelee. Ukionekana mbaya kiasi, badili mazao. Ukionekana mbaya sana, shamba hilo si la chakula tena. Mtu akikueleza kwamba kuna dawa ya kumimina ili risasi iondoke mara moja, usimpe fedha yako.

Makosa ya mto huu si ya mkulima peke yake. Viwanda, gereji na nyumba za juu zina wajibu wao, nanyi mnayo haki ya kulisema hilo katika mikutano ya mtaa. Lakini mkulima mwenye cheti cha kipimo mkononi husikilizwa kuliko mwenye malalamiko matupu.

Anayenunua fungu la mchicha Kariakoo hakujui jina wala hajui tuta lako liko wapi. Yeye huamini tu. Uilinde imani hiyo, maana hiyo nayo ni mtaji.