Uzamili wa kuhifadhi majengo ya kale, ukiwa mtaani kwako

Ukuta wa matumbawe ukipigwa plasta ya saruji, unyevu huzibwa ndani. Chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huuziba, na polepole chumvi hula mawe na vichwa vya boriti huoza. Fundi mkongwe wa Lamu anayajua haya bila kitabu. Lakini akikaa mbele ya maofisa na wafadhili, anaulizwa karatasi. Ndiyo maana leo naeleza shahada ya uzamili ya uhifadhi wa majengo ya kihistoria, hasa ile inayosomwa kwa mtandao.

Mfano wa miaka mingi ni Chuo cha Goucher, Baltimore, Marekani, kilichoanza mwaka 1995 kuwafundisha somo hili watu walio mbali. Mwanafunzi alisoma akiwa kwao sehemu kubwa ya mwaka, kisha wakakutana chuoni kwa muda mfupi wakati wa kiangazi. Vyuo vingine vimefuata njia ya mtandao tangu hapo.

Anasoma nini? Kutafuta historia ya jengo katika hati za kale, kulipima na kulichora lilivyo, kutambua ugonjwa wa ukuta kabla ya kutoa dawa, sheria za turathi, na namna ya kupata fedha za ukarabati. Mwisho huandika tasnifu. Mihadhara huweza kusikilizwa usiku baada ya isha, na mjadala ukaandikwa alfajiri kabla ya kwenda kazini. Lakini tusidanganyane: kuchagua saa yako hakupunguzi kazi, na tarehe ya kuwasilisha haingojei mtu.

Faida kwetu Wapwani ni kwamba maabara iko mlangoni. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, Fort Jesus tangu 2011, na Gede tangu 2024. Wageni hukata tiketi za ndege kuja kuviona. Kijana wa Mkomani, Lamu, anavuka kizingiti tu.

Ila kuna vizuizi viwili. Kwanza, uzamili kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza. Mimi mwenye diploma siingii moja kwa moja, na fundi wetu wa chokaa ndiyo kabisa. Pili, skrini haifundishi mkono. Kuloweka chokaa mpaka iive na kujua boriti ipi bado ina nguvu hujifunzwa kwa kusimama kando ya fundi.

Kabla hujalipa karo, uliza matatu. Je, cheti kitatambuliwa Kenya? Je, nitalazimika kusafiri, na nauli na viza ni juu ya nani? Je, naruhusiwa kuandika tasnifu kuhusu mji wangu?

Kwa wazee wa kamati za wakfu na viongozi wa kaunti, ombi langu ni moja. Mkimdhamini kijana mwenye digrii, mpeni sharti la kufanya kazi na fundi mkongwe na kuandika anayoyajua, jina la fundi likiwa juu ya ukurasa. Mafundi hawa wanazeeka, na wengi wao hawajaandikwa popote. Tukichelewa, tutabaki na vijana wenye vyeti na kuta zisizo na wa kuzitibu.