Nyama yenye namba, dhahabu isiyo na jina

Tukikutana na wachimbaji wa Misisi, mazungumzo yanaanza kwa mashimo na yanaishia kwa chakula. Safari hii simu njo ilileta maneno. Kijana mmoja wa Baraka anayefanya kazi Dubai alituma picha ya meza. Katikati ya meza kuko jiko la makala, juu yake waya, na pembeni sahani yenye vipande vyembamba vya nyama mbichi, nyekundu, yenye michirizi myeupe. Aliandika kwamba sahani ile moja inapita mshahara wake wa juma nzima. Watu walicheka, halafu wakaanza kuuliza: ni ng'ombe gani huyo? Tukatafuta, na tuliyoyapata tunayaweka hapa, sababu kuko jambo ndani yake linalotuhusu sisi wa Fizi.

Wajapani wanaita chakula hicho yakiniku. Maana yake ni nyama ya kuchoma tu. Unaketi, wanakuletea nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, wewe mwenyewe unaiweka juu ya moto, unaigeuza mara moja, unaichovya ndani ya mchuzi wa soya wenye vitunguu saumu na ufuta, unakula na wali. Ndiyo, mteja analipa bei kali halafu anajichomea mwenyewe! Mama mmoja anayechoma broshete Baraka alituuliza: "Sasa kama muteja anajichomea, miye nitauzisha nini?"

Anachouza mwenye restora ni ng'ombe. Anaitwa wagyu, ng'ombe wa Japani. Anafungiwa zizini, analishwa nafaka na majani ya mpunga, anachinjwa akiwa na miezi karibu 30. Mafuta yake hayakai pembeni kama ya ng'ombe wetu, yanaingia ndani ya nyama, kama filo inavyopita ndani ya jiwe. Kuko watu ambao kazi yao ni kuangalia michirizi hiyo na kupanga nyama kwa daraja, na A5 njo ya juu kabisa. Ng'ombe wa Minembwe, anayetembea milimani siku nzima akitafuta majani, hawezi kuwa na nyama ya namna hiyo. Nyama yake ni ngumu na ina ladha. Sisi tunaipenda hivyo, na meno yetu yamezoea.

Lakini msifikiri Wajapani walizaliwa wakila ng'ombe. Mwaka 675 mfalme wao Tenmu alikataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa miezi kadhaa ya kila mwaka, na makatazo ya namna hiyo yaliendelea kwa karne nyingi. Ng'ombe alikuwa wa kulima. Ni mwaka 1872 njo watu walisikia kwamba mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe. Na hii yakiniku ya matajiri ilitoka kwa maskini. Kisha vita ya 1945, Wakorea waliobaki Japani, baadhi yao walikuwa wamepelekwa kule kwa kazi za nguvu, hata ndani ya migodi ya makaa ya mawe, walichoma matumbo na maini ambayo wengine hawakuyataka, wakayauza kandokando ya barabara. Katika mji wa Tagawa, ambao ulikuwa mji wa makaa ya mawe, mpaka leo wanapika chungu cha matumbo na wanasema ni chakula cha wachimbaji. Kwa hiyo wachimbaji wenzetu walikuwa kwenye moto ule mbele ya wenye suti.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Mwaka 2001 ugonjwa wa ng'ombe kichaa uliingia Japani, watu wakaogopa nyama. Mwaka 2003 serikali ikatoa sheria: kila ng'ombe apewe namba ya tarakimu 10, ivaliwe sikioni tangu kuzaliwa. Namba hiyo inamfuata mpaka kwa machinjio, mpaka kwa duka, na restora za yakiniku zinalazimika kuionyesha kwa mteja. Unaandika namba ndani ya simu, unaona ng'ombe alizaliwa lini, alifugwa jimbo gani, alichinjwa siku gani. Unakula huku unajua yote.

Angalieni sasa dhahabu yetu. Mifuko ya kasiterite na koltani, sehemu kadhaa za Kivu, imekuwa ikifungwa tage yenye namba. Dhahabu yetu nyingi haina hata namba ya uongo. Inatoka Misisi ao Lubichako ndani ya karatasi iliyokunjwa, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika miaka mingi jinsi dhahabu ya Kongo inavyovuka mpaka, kupita Bujumbura ao Kampala, mpaka Dubai. Kule inayeyushwa pamoja na nyingine, na hakuna anayejua tena ni shimo gani, ni nani aliingia, ni nani hakutoka.

Tena kule kuko watu wanaoila. Si mchezo. Mwezi wa kwanza 2019 mchezaji wa mpira Franck Ribéry alionyesha video akiwa Dubai mbele ya kipande cha nyama kilichofunikwa na dhahabu ya karati 24. Wafaransa wengi walikasirika, yeye akawajibu kwa matusi, na timu yake ya Bayern ikamtoza faini. Restora ile haikuwa ya Kijapani, lakini Japani pia, mjini Kanazawa, wanapiga dhahabu mpaka inakuwa nyembamba kupita karatasi yoyote na wanaiweka juu ya barafu tamu. Dhahabu haina ladha na tumbo haliifanyi kitu. Inatoka kama ilivyoingia. Mzee mmoja wa Misisi aliposikia hivyo aliuliza choo cha Dubai kiko wapi, apeleke karai.

Tucheke, lakini turudi kwenye sahani yetu. Nyama inayofika Misisi leo iko bei kali. Vita vya milimani vimepora ng'ombe wengi na vimefukuza wafugaji na wakulima, na barabara ni ya kusali. Ndani ya shimo, PDG njo anayelisha kikundi. Analeta unga, samaki, siku moja moja mbuzi, na yote anaandika kuwa ni gharama. Dhahabu ikitoka, gharama zinatolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Tuseme mbuzi alinunuliwa dola 50, kwenye kahie imeandikwa 80. Kikundi cha watu 10, kila mmoja amelipa dola 3 za nyama ambayo hakuila. Fanyeni hesabu ya unga, ya mafuta ya pompe, ya mwezi mzima. Halafu mama aliyebaki Baraka anapiga simu kuuliza pesa ya shule, na mume hana jibu, anaonekana kuwa amezinywa.

Si ma-PDG wote. Tunawajua wanaoonyesha kahie bila kuombwa, na vikundi vyao havikimbii. Lakini mchimbaji ambaye dhahabu yake inapimwa kwa vijiti vya kiberiti, na nyama yake haipimwi kabisa, anapunjwa pande mbili.

Tunachoomba ni kidogo kuliko namba ya sikioni. Kahie iwe mbili, moja kwa PDG, moja kwa kikundi. Kila chakula kiandikwe siku kilipofika, kilo ngapi, bei gani, na wawili watie sahihi pale pale, si siku ya kugawana. Asiyejua kusoma achague mwenzake amsomee kwa sauti. Ukiona nyama imeandikwa bila kilo, usitie sahihi. Mje na kahie siku ya mkutano wa sendika, na mizani tutakuja nayo sisi.